Tiara za Paje na Kamba za Mwani

Ndugu msomaji, ikiwa ulilelewa mahali penye upepo na uwanja mtupu, bila shaka utotoni mwako ulipata kurusha tiara. Ile ya karatasi na njiti za chelewa, yenye mkia wa kitambaa kilichochanwa kwenye kanga kuukuu. Uliikimbiza mpaka ikakamata upepo, ukaiachia uzi, na kwa kitambo kidogo ukahisi kiganjani kwamba kuna kitu huko juu kinakuvuta. Sasa fikiri kwamba tiara hiyo ina ukubwa wa mita kumi za mraba, nyuzi zake ni nne, kila mmoja una urefu wa mita ishirini na zaidi, na wewe mrushaji umesimama juu ya ubao katikati ya maji. Huo ndio mchezo ninaotaka kukusimulia leo, na mahali ninapotaka kukupeleka kuutazama ni kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja.

Ukitoka mjini utasafiri kiasi cha kilomita hamsini. Gari litapita Tunguu, kisha litaingia katika kivuli cha msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka barabara bila kujali haraka ya dereva wala ya abiria. Ukishapita Kitogani miti mikubwa inakwisha. Ardhi inakuwa ya mawe na vichaka vifupi, na hewa inabadilika puani kabla hujaiona bahari. Halafu, baina ya minazi na kuta za nyumba za mawe, inatokea rangi ambayo mimi, kwa miaka niliyofanya kazi hii ya kuandika, bado sijalipatia jina linaloitosha. Si buluu wala si kijani. Watu wa Paje wenyewe hawahangaiki nayo. Wao huiita bahari.

Ukisimama ufukweni ukaelekeza uso mashariki, mbali kabisa utaona mstari mweupe. Huo ni mwamba, na weupe ule ni mawimbi ya Bahari ya Hindi yanayovunjika juu yake. Ndani ya mwamba maji yametulia kama yaliyomo katika sinia. Chini ni mchanga mweupe, na kina chake ni cha magoti, cha kiuno, pengine cha kifua, kutegemea saa uliyofika. Huo utulivu ndio mtaji wa Paje, na ndio chanzo cha shauri nitakalokueleza mbele.

Upepo nao hauna ubakhili. Kati ya Desemba na Machi huvuma kaskazi, na wewe uliyesimama pale utauhisi shavuni kutoka mkono wa kushoto. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi, wenye nguvu zaidi, kutoka mkono wa kulia. Ndizo pepo zile zile zilizoleta majahazi ya Uarabuni na kuyarudisha kwao, na kila mvuvi wa pwani yetu anazijua kama anavyowajua watoto wake. Yapo mengine ambayo mgeni wa mchezo huu hufurahia kuyasikia: pepo zote mbili huvuma ubavuni na kuelekea kidogo nchi kavu. Aliyeshindwa hasukumwi kwenda bahari kuu; hurudishwa ufukweni, akiwa amelowa na kuona haya, lakini hai.

Namna tiara inavyofanya kazi si fumbo kwa mtu aliyepata kupanda ngalawa. Tiara ndilo tanga. Ikisimama wima juu ya kichwa cha mchezaji huwa haina nguvu nyingi. Akiishusha mbele yake, ikakata upepo, humvuta kama ng'ombe aliyekatika kamba. Ubao ndicho chombo, na ukingo wake, mchezaji anapoulaza na kuukandamiza majini, huzuia kusukumwa upande, kama vile ubavu na mkuku wa chombo unavyozuia. Kwa njia hiyo mtu anaweza kubisha, yaani kurudi kule upepo unakotoka kwa kwenda mshazari huku na huku, sawasawa na nahodha wa jahazi. Tofauti ni kwamba nahodha huyu hana foromali wala mlingoti. Tanga amelifunga kiunoni kwa mkanda na ndoano.

Jambo lililoufanya mchezo uwezekane ni dogo. Tiara ikianguka majini hulowa, na tiara iliyolowa hairuki tena. Ndugu wawili wa Kifaransa kutoka Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliolipatia jawabu: walibuni tiara yenye mishipa ya kujazwa hewa kama mpira wa baiskeli, inayoelea na kuweza kunyanyuka tena. Waliandikisha ubunifu wao mwaka 1984. Miaka zaidi ya kumi ikapita kabla dunia haijaelewa walichofanya. Ni mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo mchezo uliposhika moto, hasa katika kisiwa cha Maui huko Hawaii. Paje zilianza kuonekana shule zake baada ya mwaka 2000, na siku hizi, katika msimu wa upepo, anga ya kijiji hujaa tiara nyekundu, njano na samawati, hata mtu akitazama kwa mbali hudhani kuna arusi.

Sasa, ndugu msomaji, mimi na wewe tukitazama kutoka chini ya mnazi tunaona mchezo mmoja. Wenyewe watakucheka. Kwa wale walioufanya kuwa kazi yao ya kuwalisha, hii ni michezo mingi iliyochangia tiara tu, kama vile mvuvi wa nyavu, wa dema na wa mshipi wanavyochangia bahari. Kila mmoja anataka maji yake na upepo wake, na asipoyapata husafiri nusu ya dunia kuyafuata.

Wako wale wa mtindo huru. Hawa huruka, na wakiwa hewani hufungua ndoano ya kiunoni, wakabaki wameishikilia tiara kwa mikono mitupu, wakapinduka, wakaupitisha mpini nyuma ya mgongo kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kisha wakatua. Waamuzi hupima ugumu, nguvu na usafi wa kutua. Mwingereza Aaron Hadlow alitwaa ubingwa wa dunia wa fani hii mara tano mfululizo, kutoka mwaka 2004 hadi 2008. Na kwa upande wa wanawake, Mhispania Gisela Pulido alikuwa bingwa mwaka 2004 akiwa mtoto wa miaka kumi. Soma tena hapo. Miaka kumi, umri ambao mtoto wako unamkataza kwenda dukani peke yake usiku. Watu wa mtindo huru wanataka maji bapa, yasiyo na kiwimbi, kwa sababu kiwimbi humharibia mtu hatua ya kurukia na humvunja goti anapotua.

Wako warukaji wa juu. Hawa hawataki utulivu. Wanataka upepo mkali unaowafukuza watu wengine ufukweni. Makao yao makuu ni Cape Town, Afrika Kusini, ambako tangu mwaka 2013 limekuwa likifanyika shindano liitwalo King of the Air. Mtu hunyanyuka mita 20, wengine wamepita 30, na akiwa huko juu huizungusha tiara duara kamili mpaka ikashuka chini yake, ikamrusha kando kama jiwe la kombeo, kisha ikamdaka kabla hajafika majini. Isipomdaka, maji ya bahari kutoka kimo kile ni magumu kama sakafu. Nakiri kwamba mimi huufumba jicho mmoja nitazamapo picha zao, na sioni aibu kusema hivyo.

Wako wakimbiaji wa mwendo kasi, ambao kwao hakuna waamuzi wala mapambo. Kuna mita 500 na saa tu. Hawa nao Afrika imewafaa. Karibu na Lüderitz, nchini Namibia, ulichimbwa mfereji mwembamba pembeni mwa jangwa ili maji yawe laini kabisa huku upepo ukivuma kwa ukali. Lüderitz ndipo Mfaransa Sébastien Cattelan, mwaka 2008, alipokuwa mtu wa kwanza kuvuka maili 50 za baharini kwa saa kwa chombo cha tanga. Mwaka 2017 Mfaransa mwenzake, Alex Caizergues, alifikia kiasi cha kilomita 107 kwa saa huko kwao Ufaransa.

Wako wa mbio za kuzunguka maboya, ambao ubao wao una mguu mrefu chini na bawa mwishoni. Mwendo ukikolea, bawa humnyanyua mchezaji na ubao wake juu ya maji, akaenda kimya kimya kama ndege anayetafuta samaki. Fani hii ndiyo iliyoingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na ilichezwa Marseille. Valentin Bontus wa Austria alipata dhahabu ya wanaume, na Ellie Aldridge wa Uingereza dhahabu ya wanawake. Shaba ya wanaume ilikwenda kwa Max Maeder wa Singapore, kijana wa miaka 17, aliyeipata Agosti 9, siku ambayo nchi yake huadhimisha taifa lao. Paje, maji yanapopwa, mguu wa ubao wa namna ile ungegonga mchanga kabla mwenye nao hajapata mwendo.

Wa mwisho nimewaweka makusudi, kwa kuwa ndio ninaowapenda: wapanda mawimbi. Hawa wengi wao hawafungi miguu ubaoni. Husimama bure, kama mtu juu ya paa, na hutumia tiara kulifuata wimbi tu. Wakishalipata huiacha tiara ielee, wakalicheza wimbi lenyewe. Na bingwa wao wa dunia wa mwaka 2008 hakutoka Ufaransa wala Marekani. Alikuwa Mitu Monteiro, Mwafrika wa kisiwa cha Sal katika Cape Verde, kisiwa kikavu, cha chumvi na upepo, ambacho katika ramani nyingi ni kidoa tu. Nyuma yake amefuata Airton Cozzolino, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, naye ametwaa ubingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Huko Sal liko wimbi la Ponta Preta, linalovunjika juu ya mawe makali, na vijana wa pale wamekua wakilitazama kila siku. Waliotoka ng'ambo wanalikuta wakiwa wageni. Wao walilijua kabla ya kuujua mchezo.

Jina la Monteiro nililisikia Paje kabla ya kulisoma popote. Alilitaja kijana mmoja wa kijiji, mwalimu katika moja ya shule za pale, ambaye katika muda wa nusu saa nilimsikia akifundisha kwa lugha tatu na kumkemea mdogo wake kwa ya nne. Nilimwuliza kama angependa kushindana. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angependa kula. "Ubao si wangu, kaka," alisema. "Tiara si yangu. Mwanafunzi akimaliza, nami nimemaliza." Seti moja mpya ya vifaa ni mamilioni ya shilingi, na mshindani wa kweli anahitaji tiara tatu au nne za ukubwa mbalimbali, kwa kuwa upepo haulingani kila siku. Nauli ya kuwafuata waamuzi huko waliko ni shauri jingine. Hivyo vijana wa Paje, walio hodari kweli, hupata saa yao ya kuruka jioni, vifaa vya wageni vinapokuwa vimelala, ikiwa mwenye shule ana moyo mwema.

Lakini nilikwambia kuna shauri, na sasa tumelifikia.

Maji yale bapa, ya kina kifupi, juu ya mchanga mweupe, ambayo mtu wa mtindo huru na mwanafunzi wa siku ya kwanza huyatamani, ndiyo yale yale yanayotakiwa na mwani. Na mwani ulitangulia. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivi hivi vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima walio wengi ni wanawake. Hupigilia vigingi mchangani, wakanyoosha kamba kutoka kigingi hadi kigingi, wakafunga vipande vya mwani kwa nyuzi ndogo ziitwazo taitai, kimoja kimoja, mgongo ukiwa umepinda na jua likiwa juu yake. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba, huanika. Mwani mkavu husafirishwa ng'ambo, ukatolewa ute unaotiwa katika dawa ya meno, katika aiskrimu na vitu vingine ambavyo pengine umevitumia leo asubuhi bila ya kumfikiria mtu wa Paje.

Nilikwenda majini asubuhi, maji yakiwa yametoka, suruali nimeikunja na viatu nimevishika mkononi. Bi mkubwa mmoja alikuwa akirekebisha kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Angalia unapokanyaga."

Alininyoshea ncha ya kamba iliyokatika, tena kwa mkato safi, si wa kuchakaa. Nikamwuliza nani aliyeikata. Hakuwa na hasira. Alijibu kama mtu anayeeleza njia. "Mie simjui. Yeye akipita hapa maji yameshajaa, mie nishafika nyumbani napika. Nami nikiwapo hapa, yeye yuko kitandani. Hatukutani hata siku moja."

Ndugu msomaji, maneno hayo nilirudi nayo mjini. Ukichunguza utaona kwamba bahari yenyewe ndiyo iliyowagawia watu hawa zamu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, na shamba la mwani hubaki wazi. Hizo ndizo siku za wanawake. Alasiri, yapata saa kumi, maji huwa yamejaa tele, na hapo tiara hupanda. Hakuna mkutano ulioitishwa kupanga hivyo. Lakini vigingi na kamba haviendi nyumbani na mwenye navyo. Vinabaki chini ya maji, haviyoni macho ya mgeni anayepita juu kwa mwendo wa gari, na pezi la ubao wake hukata alichokifunga mtu kwa siku mbili. Wakati mwingine kigingi nacho humchana mgeni unyayo, naye hurudi kwao akilalamika kwamba ufuko ni mchafu.

Yule kijana mwalimu, ambaye mama yake mzazi alilima mwani, ana dawa yake. Kabla ya kumtia mwanafunzi majini humtembeza kwa miguu maji yakiwa yametoka, akamwonyesha shamba linapoanzia na linapoishia, na humtajia mwenye shamba kwa heshima, Bi Fulani, kama anayemtambulisha kwa jirani. Ndipo hapo alasiri mwanafunzi huyo anajua kwamba maji matupu hayakuwa matupu. Si shule zote hufanya hivyo. Kungekuwa na maboya machache ya rangi kuonyesha mipaka, yaliyokubaliwa na wote wawili, nadhani gharama yake isingefikia bei ya tiara moja.

Na wakati wa kukubaliana si mwingi. Mwani uko wa namna mbili. Ule wa bei nzuri, ambao wakulima huuita kotonii, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kwa kuwa maji hayo yamezidi kupata joto. Uliobaki ukistahimili ni spinosamu, wa bei duni. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari, amekuwa kwa miaka mingi akiwasaidia wakulima kujaribu kuupeleka kotonii kwenye maji ya kina zaidi, yenye ubaridi. Ni ushauri mzuri. Ila shamba la kina kirefu haliachwi wazi na bamvua. Mwanamke atalifikia kwa chombo, maji yakiwapo, saa zile zile ambazo tiara ziko juu, na mahali pale pale zinapopita. Wengi wa wanawake hao hawajui kuogelea. Zamu iliyokuwa imegawiwa na mwezi haitakuwapo tena, na yule mpita njia na bi mkubwa watakutana hatimaye, pengine kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka.

Ukitaka kwenda, chagua siku ya bamvua, siku mbili baada ya mwezi kuandama, katika msimu wa kusi ikiwezekana. Toka mjini alfajiri. Ufike ufukweni saa tatu, maji yakiwa yanakimbia, vua viatu, na uwafuate wanawake kuelekea mwambani. Chukua viatu vya mpira kwa ajili ya kome na miba ya bahari, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Adhuhuri kaa kivulini, ule pweza wa nazi. Kiasi cha saa tisa utasikia pampu za mkono zikianza kufoka huku na huku mchangani. Wanawake wa mwisho watakuwa wakipanda ufuko na viroba vyao vinavyochuruzika maji, na maji yatakuwa yamefika kifuani pale uliposimama asubuhi. Kaa upande wa upepo, mbali na nyuzi zilizotandazwa, kwani tiara inaponyanyuka haichagui shingo. Gari za kurudi mjini hupungua magharibi ikikaribia, basi usiisubiri ile tiara ya mwisho kushuka, ijapokuwa najua utaisubiri.